Nimenunua springi za kushusha Altezza, nataka kufunga mwenyewe hapa Mbeya, nianzie wapi?

Mwana_Sae

Wakuu habari za jumapili. Nina Toyota Altezza ya 2001, ile ya injini ya silinda sita 1G, nimeichukua mwaka jana kwa jamaa mmoja wa Forest, haina shida ila kila nikiipaki naiangalia naona kama imesimama kwa ncha za vidole, pengo la juu ya tairi mkono unaingia mzima na saa juu. Sasa nimepata springi za kushusha, seti nzima nne, kutoka Kariakoo, used za Japani, zimefika na basi jana asubuhi, jamaa anasema zinashusha sm 4 mbele na 3 na nusu nyuma. Shokapu ni zile zile gari ilikuja nazo.

Fundi wangu wa Mwanjelwa nilimwambia akacheka, akasema springi za nini, leta gari nikate koili moja na nusu na grainda, nusu saa unaondoka. Nikamwambia ntakucheki. Sijamcheki mpaka leo.

Kwaio nataka nifunge mwenyewe nyumbani jumamosi ijayo na mdogo wangu. Suspensheni sijawahi kuigusa maishani, nimewahi kubadili bureki pedi, plagi, na stabilaiza linki mara moja. Nina jeki ya mkasi iliyokuja na gari, boksi spana la mchina na nyundo. Inawezekana kweli? Nikodi nini? Na kwa barabara zetu hizi sm 4 si ntajuta, maana kila wiki mbili naenda Tukuyu kwa bi mkubwa na kurudi huwa sirudi mikono mitupu.

Kaka_Spana

Inawezekana. Ila kwa jeki ya mkasi haiwezekani, tuanzie hapo. Ile ni ya kubadilishia tairi njiani basi. Kodi jeki ile ndefu yenye magurudumu yake na stendi nne, mbili ukikosa kabisa ila kazi inakua ndefu, na ukisema utaweka tofali la bloku badala ya stendi ntakuja huko Sae kukunyang'anya funguo, bloku linapasuka bila kupiga hodi. Halafu mvua hizi udongo umelowa, chini ya jeki na kila stendi weka ubao mpana. Unapandisha unaona imetulia, mnaenda kula, mnarudi mguu mmoja umeshazama na gari inawaangalia kwa upande.

Ijumaa usiku lala umepuliza WD-40 kwenye bolti zote za chini, asubuhi puliza tena. Gari zingine zimetoka kaskazini ya Japani kule wanakomwaga chumvi barabarani kwa ajili ya barafu, juu zinang'aa chini ni kutu tupu, bolti moja tu ya kung'ang'ania inakula saa tatu zako.

Altezza mbele na nyuma ni mikono miwili, ya juu na ya chini, shokapu na springi vimekaa pamoja kama kitu kimoja katikati. Sio kama IST ambayo shokapu ndio imeshika habu ya tairi. Kwaio: kabla hujafungua chochote pima toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, pande zote nne, andika kwenye karatasi. Usipime toka chini kwenye udongo, upepo wa tairi utakudanganya. Toa tairi, fungua stabilaiza linki pande ZOTE mbili, ukifungua moja ile fimbo ya stabilaiza inayounganisha pande mbili inasukuma mkono na utapigana nao bure. Toa waya wa ABS na paipu ya bureki kwenye vishikizo vyake, usiache kitu kining'inie kwenye paipu. Bolti ya chini ya shokapu, halafu nati ndogo za juu ndani ya boneti. Ile nati kubwa ya KATIKATI usiiguse springi ikiwa haijabanwa. Rudia kusoma hapo. Mkono wa juu utakubania njia, utafungua boljointi ya juu au bolti za mkono wenyewe, angalia ipi inakubali.

Ikitoka, chukua tipeksi chora mstari toka mauntingi ya juu, kile kikombe kinachoshika kichwa cha shokapu, mpaka chini, ili kurudisha ujue ilikaa imeangalia wapi. Za nyuma nati zake za juu utazifuata kwa ndani, toa kapeti na trimu utaziona.

Ukitaka nyutoni mita za kila bolti, yaani nguvu ya kukazia, tafuta kitabu cha fundi cha Lexus IS200, ni hiyo hiyo Altezza ilivyouzwa Ulaya, kiingereza kinapatikana, cha Kijapani utaishia kuangalia picha. Nati za rimu ni 103.

Mzee_wa_Iyunga

Kijana mwenzangu amekueleza vizuri, mimi naongeza hapo kwenye kubana springi maana kapita haraka.

Kodi ile kompresa ya springi, zile fimbo mbili zenye kucha. Angalia kucha zake, kama zimepinda au zina ufa rudisha. Unaziweka zikiangaliana, moja huku moja kule, unakaza huku mizunguko mitatu na kule mitatu, kwa mkono na racheti, sio ile mashine ya umeme. Ukiona springi inapinda kama ndizi simama, legeza, panga upya. Mpaka springi yenyewe icheze kwenye kiti chake, ukiishika inazunguka, ndio nati ya katikati iguswe. Na usikae mbele yake, kaa ubavuni.

Kuna gereji niliwahi kufanya kazi miaka hiyo, sitaitaja, walikua wanabana springi kwa mnyororo na waya wa kitanda. Siku moja waya ukaachia. Springi ilipita juu ya kichwa cha saidia fundi ikatoboa bati, bati la geji 28, ikatokea upande wa pili kwa jirani anaanika mahindi. Yule kijana alikaa chini akaanza kucheka, akacheka mpaka tukamwogopa. Kesho yake hakurudi, nasikia anauza chipsi Kabwe.

Habari njema ni kwamba springi fupi wakati wa kufunga utabana kidogo tu. Ile ya kutoa ndio inataka heshima.

chizi_wa_kushusha

mnatisha mtu bure nyie, mi yangu nilikata koili mbili mwaka wa pili huu inatembea fresh tu hela ya springi nikanywa supu

Kaka_Spana

@chizi_wa_kushusha inatembea au inaruka? Springi ukiikata umepunguza urefu na umeifanya ngumu bila mpangilio, na ule mwisho uliokata haukai kwenye kiti chake, shokapu ikinyooka yote springi inabaki inacheza, siku umepita tuta kwa kasi inarudi imekaa upande. Na kama ilikatwa kwa gesi ndio basi kabisa, moto umeshaharibu ule ugumu wa chuma. Springi ya kushusha ya kiwandani imetengenezwa fupi toka mwanzo na ngumu kiasi chake. Supu ilikua tamu lakini.

Dada_Gia

Mimi niongelee ile aliyouliza mwishoni maana naona mafundi mmekimbilia spana. Mwana_Sae kaka angu, sm 4 kwa Mbeya inategemea unapita wapi sio gari gani.

Nina Mark II GX110, niliishusha sm 5 nikiwa Dar, ikawa nzuri mno. Nikahamia Uyole nayo. Matuta ya mjini sio shida, tuta unaliona, unalichukua kimshazari unapita. Rasta nazo sio shida, zinatetemesha meno tu. Shida iliyoniondoa ni ile lami kuu ya malori ya Tunduma, unaijua, pale yanapopanda mlima taratibu na mzigo lami imebonyea njia mbili za matairi na katikati pamebaki mgongo. Gari ya chini huo mgongo unapita katikati ya tumbo lako, egzozi kwanza, halafu sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Na huwezi kuukwepa kwa sababu nyuma yako kuna lori. Mimi ilikwangua egzozi ikalegea kwenye jointi, nikapanda Mlima Nyoka nalia kama trekta watoto wanashangilia.

Jambo la pili mzigo. Unasema unatoka Tukuyu hurudi mikono mitupu, tunajua maana yake, mikungu miwili ya ndizi na gunia la viazi na bibi wa jirani anaomba lifti mpaka Igawilo. Kwaio kabla hujafunga chochote, leo hii na springi zako za zamani, pakia watu watano na mzigo, pima ule urefu wa fenda nyuma uone inashuka ngapi. Hizo mpya ni ngumu zaidi zitashuka kidogo kuliko hapo ila toa sm 3 na nusu ujionee umebakiwa na nini. Usipime gari tupu ukafurahi.

Na taa. Ikishuka mbele kuliko nyuma taa zinachungulia chini, urekebishe, ule ukungu wa Isyonje saa kumi na mbili asubuhi hauna masihara.

Kamwene_Ipogolo

Kamwene wote, niko Iringa. Mimi ningemshauri auze hizo springi aongeze hela achukue koilova, zile shokapu zinazokuja na springi zake, zina nyuzi na ringi ya kuzungusha kubadili urefu. Sababu ni mbili. Moja shokapu zake zina umri wa kupiga kura na kuoa, ukizifungia springi fupi ngumu zinafanya kazi zote zimejikunja, oili inaanza kutoka ndani ya miezi, gari inadunda, halafu atasema springi mbaya. Pili koilova anachagua urefu mwenyewe, akienda Tukuyu anapandisha akirudi anashusha, na inakuja imeshafungwa hahitaji kubana springi.

Mimi nilifunga kwenye Altezza RS ya bro, Kitonga tunashuka na kupanda haina neno, kona inakaa kama imegundishwa, tuta la Ilula tu ndio tunasalimiana nalo.

Kaka_Spana

Hapo kwenye shokapu nakubaliana 100, Mwana_Sae zikague, ukiona zimelowa oili au ukibonyeza kona ya gari ukiachia inabembea zaidi ya mara moja na nusu, nunua shokapu kwanza springi zisubiri. Kwenye koilova sikubali. Koilova nzuri bei yake ni nusu ya injini, hizi zinazouzwa bei ya springi ni kanyaboya, mwaka wa kwanza tu nyuzi zimejaa tope na kutu, hiyo ya kupandisha ukienda Tukuyu utafanyaje wakati ringi haizunguki? Na watu wengi wanashusha kwa kuzungusha ringi ya springi mpaka springi inakua huru tairi likining'inia. Zile zenye mwili unaoingia na kutoka chini unashusha kwa mwili, sio kwa kulegeza springi. Na kila ukibadili urefu alaimenti, yaani mnyooko wa matairi, nayo imebadilika, sasa kila wiki mbili alaimenti?

Kamwene_Ipogolo

Tunapaka grisi kwenye nyuzi na kuvalisha mpira wa baiskeli, mwaka wa tatu zinazunguka. Lakini sawa mkuu, bei ni kweli.

Mwana_Sae

Ndaga wote. Shokapu nimekagua, kavu zote nne, nimebonyeza inarudi inatulia. Nimepakia mdogo wangu, marafiki zake watatu na magunia mawili ya saruji ya jirani, nyuma imeshuka sm 5. Dada_Gia umeniharibia usingizi ila ntafunga tu, nikishindwa narudisha. Jeki, stendi nne na kompresa nimekodi Sido. Jumamosi saa moja asubuhi.

Mwana_Sae

Jumamosi saa tatu usiku, mikono inatetemeka naandika nimekaa chini.

Imeisha. Saa kumi na mbili za kazi, kati ya hizo tatu ni bolti MOJA ya chini shokapu ya nyuma kushoto, tumeipiga WD, tumeipiga nyundo, mwisho tumeingiza bomba la maji kwenye spana tukaning'inia wote wawili ikasema KAAA nikajua imekatika kumbe imeachia. Kompresa nilikaa ubavuni kama nimeambiwa na Mzee, mdogo wangu nilimtuma dukani kila nikifika hapo.

Sasa shida. Kabla ilikua mbele 38 pande zote. Sasa hivi kushoto 34, kulia 35 na nusu. Gari imelala kama mtu mwenye jino. Nimezunguka mpaka Mafiati na kurudi, ikipita kwenye shimo dogo mbele kulia inasema kok, na kwa ujumla ni ngumu sana, inadunda kama haina springi. Usukani nikienda mbele umekaa saa moja kasoro. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Iyunga

Hongera, vidole vyote kumi vipo? Basi mengine yanatengenezeka.

Ile kok inatokea ukikata usukani gari imesimama, au kwenye mashimo tu?

Mwana_Sae

Vipo vyote. Mashimo tu, usukani nimezungusha mpaka mwisho huku na huku kimya.

Mzee_wa_Iyunga

Sawa. Ingekua IST ningekwambia angalia beringi ya mauntingi ya juu, kule springi inazunguka na usukani. Yako haizunguki. Kwaio mawili: nati ya katikati hukukaza vizuri, au mwisho wa koili haujakaa kwenye ngazi yake. Kile kiti cha chini cha springi kina kama kangazi kadogo, ncha ya koili lazima igusane nako. Ikipanda juu ya ngazi, springi imeinuka upande mmoja na kila shimo inajaribu kurudi mahali pake. Pigia taa, utaiona bila kufungua kitu.

Kaka_Spana

Na mimi nakuomba radhi kuna kitu sikuandika na ndio kinakudundisha. Bolti za mikono ya chini na ya shokapu ulizikaza gari ikiwa juu ya stendi si ndio?

Mwana_Sae

Ndio, zote, kwa nguvu zote. Si ndio inavyotakiwa??

Kaka_Spana

Hapana mkuu, hapo ndio kosa, na ni langu. Zile bushi za mpira hazizunguki kama beringi, mpira umegandishwa na chuma cha nje na cha ndani, mkono ukipanda na kushuka mpira unajinyonga tu. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia umemwambia mpira kwamba nyumbani ni huko chini, ukishusha gari mpira umeshanyongwa kabla hujaanza safari, unaisukuma gari juu na unafanya ugumu ambao springi hausiki nao. Ukitembea hivyo mwezi mmoja bushi zinachanika.

Dawa yake: legeza kila bolti inayopita kwenye bushi uliyogusa, usitoe, legeza tu, halafu weka jeki chini ya mkono wa chini karibu na tairi, pandisha mpaka ule urefu wa fenda uwe sawa na gari ikiwa imesimama chini na uone mwili unaanza kuachia stendi, HAPO ndio ukaze. Kona zote nne. Au pandisha matairi manne juu ya mbao nene ukaze gari ikiwa na uzito wake, kama unaweza kuingia chini bila kukwaruza pua.

Gereji nyingi nazo hukaza juu juu tu, ndio maana watu wanasema springi za kushusha zinaumiza mgongo.

Dada_Gia

Kaka_Spana asante, mimi miaka miwili nilikua nalaumu springi. Miaka miwili!

Mwana_Sae

Jumapili jioni. Mzee ulikua umekaa chini ya gari yangu nini. Ncha ya koili kulia ilikua imepita ngazi kwa vidole viwili, imepanda juu. Nimeshusha shokapu tena, nimebana, nimezungusha, imeingia tak. Safari hii dakika hamsini tu maana bolti zote tayari zinanijua. Halafu nimelegeza na kukaza upya kona zote nne kwa jeki kama ulivyosema Kaka_Spana, ukilegeza ile bolti unaona mkono wenyewe unajisogeza kidogo, nimeogopa na kufurahi kwa pamoja.

Sasa kushoto 34, kulia 34 na kidogo. Kok imeisha. Na ugumu umepungua, sio laini kama zamani ila ni ule ugumu mzuri, inakaa.

Usukani bado umepinda.

Kaka_Spana

Huo ni alaimenti, ni lazima sio hiari. Gari ikishuka matairi yanajilaza ndani kwa juu, hiyo inakula tairi taratibu, ila miguu ikiangalia ndani au nje kwa mbele ndio inakula tairi kama panya. Tembea nayo siku tatu nne hapo mjini springi zikae, usiende safari, halafu nenda kwenye mashine, uwe na mafuta ya kawaida kwenye tenki. Waambie wanyooshe usukani kwanza, na waguse tairodi, zile fimbo za usukani zinazosukuma matairi, pande zote mbili, sio upande mmoja. Na nati zote zilizoguswa kagua tena ukishatembea kidogo.

Mwana_Sae

Wadau mrejesho wa mwisho. Alaimenti imefanyika alhamisi, usukani umenyooka. Jana nimeenda Tukuyu. Kwenda raha tupu, kona zile za kushuka kwa malori ya ndizi gari haiinami. Nimefika bi mkubwa katoka nje, kaizunguka gari mara mbili kimya, akauliza mbona imezama, umebeba nini humo? Nikamwambia sijabeba kitu mama ndio mtindo. Akaguna. Akaenda kuniletea mkungu mmoja badala ya miwili, anasema gari yako imechoka mwanangu.

Kurudi tulikua wanne na huo mkungu na viazi debe mbili, nyuma kushoto tairi imegusa fenda mara moja kwenye shimo la daraja, harufu ya mpira kidogo. Nitaangalia rimu yangu maana sio ya kiwandani, imetoka nje zaidi.

chizi_wa_kushusha

oya zile springi zako za zamani unauza bei gani? naulizia rafiki yangu

Dada_Gia

Usiuze! Na wewe chizi "rafiki yako" tumemwelewa.

Mwana_Sae

Hahaha siuzi, nimezipaka oili nimezifunga kwenye kiroba zipo darini. Ila chizi, huyo rafiki yako akitaka kompresa Sido wanakodisha, mimi nilipewa na stendi.